Kampuni ya klaudi imenizimia seva saa moja asubuhi, foleni ya maziwa ipo Muheza

Wakuu, nina hasira na sijalala, mnisamehe lugha. Mods msiuhamishie uzi huu jukwaa la matangazo, simtangazi mtu. Jina la kampuni siliandiki makusudi.

Nipo Tanga mjini, Chumbageni. Nimetengeneza mfumo wa ushirika mmoja wa wafugaji kule Muheza. Mfugaji anafika na keni yake nyuma ya baiskeli, karani anapima lita, anaingiza namba ya mwanachama kwenye simu, na papo hapo mfugaji anapata meseji: leo lita 11, mwezi huu jumla kadhaa. Ile meseji ndiyo risiti. Bila meseji mzee wa watu hamimini kitu tangini, maana enzi za daftari lita zilikuwa zinapungua zenyewe kati ya kituo na ofisi.

Seva ya mfumo, yaani kompyuta inayouendesha, naikodi kwa kampuni ya klaudi ya nje; kazi yao ni kukodisha kompyuta kupitia mtandao. Ipo mashariki ya Marekani, niliiweka huko kwa sababu bei ilikuwa chini kuliko Afrika Kusini. Tangu 2019 nalipa kwa dola na sijawahi kuchelewa.

Jumanne, saa moja na dakika chache asubuhi, mama karani ananipigia: "Mwanangu, hii simu inazunguka tu, na watu wamejaa hapa." Najaribu kuingia kwenye seva, kimya. Nafungua ukurasa wa kampuni, naambiwa mashine "imehamishwa kwa mafanikio". Imehamishwa na nani? Nani aliwaruhusu?

Nikachimba barua pepe. Kweli waliandika, na ujumbe umelala kwenye kapu la matangazo, kichwa chake maboresho ya miundombinu. Ukisoma mpaka aya ya nne ndipo unaambiwa aina ya mashine yako inastaafishwa, prosesa zake (chipu zinazofanya kazi yote ya kompyuta) ni Xeon za Intel za kizazi cha Haswell, asiyehama mwenyewe atahamishwa, na kazi itafanyika saa sita usiku ili wateja wasisumbuke. Saa sita usiku ya kwao! Huku jua limeshatoka na maziwa yapo kwenye mizani. Sisi Tanga tunasemwa kwa waja leo waondoka leo, lakini hata mgeni wetu huaga.

Sibishani na prosesa kuzeeka. Hizo Xeon Intel ilizitoa 2014, umeme zinakula na kazi ni ndogo, na tangu matundu ya kiusalama ya Spectre na Meltdown yatangazwe Januari 2018 zimezibwa kwa viraka vya programu vinavyozipunguza mwendo. Wazizime. Na nyaya za baharini, EASSy na SEACOM, zilipokatika Mei 2024 na intaneti ya nchi ikayumba, sikumlalamikia mtu, ile ilikuwa ajali. Hii ya sasa ilipangwa na watu wamekaa mezani wakiwa na kalenda, halafu mzigo wote wa kuhama nikaubeba mimi.

Mtaniambia kosa ni langu, na nusu yake ni kweli. Kwenye fstab, faili linaloiambia Linux (mfumo endeshi wa seva) ipachike diski zipi inapowaka, diski ya data niliiandika kwa jina, vdb, badala ya UUID, namba yake isiyobadilika. Mashine mpya inaziita diski kwa majina ya nvme. Linux ikaisubiri vdb sekunde 90, ikaikosa, ikajifungia kwenye hali ya dharura inaomba nywila ya root, yaani msimamizi mkuu. Ikabidi niizime, niichomoe diski ya mfumo, niipachike kwenye mashine nyingine, nisahihishe mstari mmoja, niirudishe. Mstari mmoja, masaa matatu. Muheza wakarudi kwenye daftari, na wapo waliogeuza baiskeli wakaenda kuuza maziwa mahotelini.

Lakini nyie mnaotangaza "mafanikio", mmeangalia kama mfumo umewaka? Au kwenu mafanikio ni taa ya mashine kuwa ya kijani?

Nikadhani yamekwisha. Meseji zikaanza kwenda, malipo ya mwezi yakagoma. Kampuni ya malipo ya simu inapokea maombi kutoka anwani ya IP (namba ya seva mtandaoni) iliyosajiliwa tu, na mashine mpya imekuja na anwani yake mpya. Kubadilisha usajili ni barua ya ushirika, mhuri, skani, halafu subiri siku za kazi. Mfugaji wa Muheza utamweleza nini kuhusu IP? Yeye anajua hela yake haijaingia na ada ya mtoto inadaiwa.

Tiketi ya malalamiko niliyofungua kwa kampuni ya klaudi ikajibiwa kwa kiungo cha nyaraka na ushauri: hamia mashine za ARM, zenye prosesa za aina nyingine, bei nafuu. Bei ni nafuu kweli, nikajaribu na siku nzima ikaishia hapo. Programu iliyosukwa, yaani iliyogeuzwa kuwa lugha ya mashine, kwa x86 (aina ya zile prosesa za Intel) haiendi kwenye ARM mpaka isukwe upya, na kijiprogramu kinachotoa taarifa za malipo nilikabidhiwa kimeshasukwa, bila msimbo wake wa kukisuka upya. Aliyekiandika hapatikani.

Halafu ikaja ankara: mashine mbili, diski mbili, kwa siku zote nilizokuwa nafukuzana na uhamisho ambao sikuuomba.

Najua kuna watakaokuja na "si tulikwambia data iweke Kijitonyama, kituo cha data cha taifa pale Dar". Sawa, tutalijadili, ila si leo. Leo nataka aliyewahi kuhama kizazi cha mashine na anwani yake ya IP aniambie alipitia wapi, maana nina seva nyingine kwao, ya mteja wa Pangani, na nimeikuta kwenye orodha ya mashine zinazostaafishwa. Fstab yake nimeshaibadilisha, bekapu nimeishusha nyumbani, na safari hii nitaihamisha mwenyewe, saa sita usiku ya Tanga.

Katibu wa ushirika ameniita Jumamosi. Kasema niende na ankara.