Mapokezi ya watoto: tufanyeje kama hospitali za kufundishia tukiwa na nesi mmoja?

NesiMapokezi
Habari za kazi wakuu. Hospitali ya wilaya, mlango mmoja, karani mmoja, nesi mmoja. Mama anakata kadi, mtoto anapimwa uzito, wanakaa benchi wakisubiri zamu yao. Tunataka kupanga upya kwa utaratibu wa hospitali za kufundishia. Tuna konsentreta ya oksijeni ya lita 5 kwa dakika (mashine inayotenga oksijeni kutoka hewani), mtungi mmoja wa oksijeni, oksimita ya kidoleni (inayopima oksijeni kwenye damu) na glukomita (inayopima sukari ya damu). Tuanzie wapi?

Dkt_Watoto
Anzieni kwenye kadi. Mtoto aangaliwe kwanza, kadi ikatwe baadaye. Haligharimu senti.

Mfano mzuri ni Queen Elizabeth Central ya Blantyre, hospitali ya kufundishia ya Malawi. Mwaka 2001 walipanga upya mapokezi ya watoto, wakafundisha wahudumu wao kutambua dharura. Vifo vya watoto waliolazwa vilikuwa kati ya asilimia 10 na 18. Baadaye vikawa kati ya 6 na 8. Hawakununua mashine za ajabu.

Nesi apite benchi nzima bila kifaa chochote, sekunde chache kwa kila mtoto. Je, anapumua kwa shida, au midomo imekuwa ya bluu? Mikono ni ya baridi? Ana degedege au haitikii? Anaharisha huku macho yamezama na amelegea? Moja tu ikiwepo, anabebwa ndani saa hiyo hiyo. Kosa la kawaida ni nesi kumwona mtoto kama huyo halafu akaanza kuuliza "ameanza lini kuumwa?" Maswali yatasubiri.

Wanaofuata ni wa kipaumbele: chini ya miezi 2, joto kali, viganja vyeupe, kukonda sana au kuvimba miguu yote miwili, kuungua, sumu, maumivu makali, mwenye barua ya rufaa. Waliobaki wakae foleni.

Na yule aliyefunikwa kanga mgongoni, mama anasema "amelala tu", mfunueni na mumwamshe. Karani na mlinzi nao wafundishwe, maana ndio wanaomwona mtoto kabla yenu.

Mkufunzi_Dharura
Naongezea kwenye mikono ya baridi, maana hapo watu huteleza. Bonyeza kucha ya kidole gumba sekunde 3, achia, hesabu. Rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, mikono ikiwa baridi, na mapigo yakiwa dhaifu na ya haraka, hiyo ni shoki, yaani damu haifiki mwilini vya kutosha. Zote tatu ziwepo.

Msikimbilie kufungulia dripu kila mtoto mwenye homa na mikono ya baridi. Utafiti wa FEAST wa mwaka 2011, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000, ulionyesha kuwa waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa zaidi ya wale ambao hawakumiminiwa. Zikiwepo zote tatu, WHO (Shirika la Afya Duniani) inasema ml 10 hadi 20 kwa kilo ndani ya dakika 30 hadi 60, huku mnamwangalia. Anayeharisha na kuishiwa maji sana ana mpango wake mwingine, na mwenye utapiamlo mkali vilevile. Msiwachanganye.

Sukari ya damu: ikiwa chini ya 2.5 mmol/L (chini ya 3 kwa mwenye utapiamlo mkali), mpeni glukosi ya asilimia 10, ml 5 kwa kilo, kwenye mshipa. Mkiwa na ya asilimia 50 tu, vuteni ml 10 mchanganye na ml 40 za maji ya sindano. Mshipa usipopatikana, kijiko cha chai cha sukari iliyoloweshwa kiwekwe chini ya ulimi.

Fundi_Vifaa
Konsentreta ikae kwenye chumba cha dharura, siyo stoo. Ikiwa na kigawanyio (kifaa cha kugawa oksijeni kwa mirija kadhaa), lita 5 zinatosha watoto kadhaa: kichanga nusu lita kwa dakika, mtoto mchanga aliyekua kidogo lita 1 hadi 2. Kichujio cha nje kioshwe kila wiki, kikauke kabisa ndipo kirudishwe. Vumbi likijaa mashine inachemka na oksijeni inapungua nguvu. Mtungi ni wa kutumia umeme ukikatika, kwa hiyo ufunguo wake ufungwe kwa kamba papo hapo. Mara nyingi mtungi umejaa, ufunguo haujulikani uliko.

Oksimita ikisoma 82 kwenye mguu wa baridi, linganisheni kwanza mapigo inayoonyesha na ya moyo. Yakipishana, pasheni mguu joto mpime tena. Chini ya 90, oksijeni.

NesiMapokezi
Asanteni sana. Na tukimpa rufaa kwenda hospitali kubwa?

Dkt_Watoto
Pigeni simu kabla gari halijaondoka. Pimeni sukari, mpeni dozi ya kwanza ya antibiotiki: mwenye miezi 2 au zaidi, ampisilini mg 50 na jentamaisini mg 7.5 kwa kilo. Malaria kali, atesuneti mg 3 kwa kilo akiwa chini ya kilo 20. Kichanga asafiri kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Kwenye barua andikeni uzito, dozi na saa iliyotolewa. Barua isiyo na saa humfanya daktari wa huko arudie dozi au aiache, na zote mbili ni hatari kwa jentamaisini.

Na mdai majibu. Kuwarudishia taarifa ya mtoto mliyemtuma ni sehemu ya kazi ya hospitali ya kufundishia.