St. Mary's ya Tabora ilikwenda wapi?

mjukuu_wa_sanduku
Habari za jioni wakuu. Juzi tulikuwa tunapangua sanduku la chuma la marehemu babu, tukakuta cheti kimeliwa na mende pembeni: St. Mary's, Tabora, 1948. Kwenye ramani ya simu siioni shule hiyo. Mjomba anasema ndiyo aliyosoma Nyerere, shangazi anasema ilishavunjwa zamani. Wenyeji, ipo au haipo?

mzee_wa_stesheni
Ipo, mjukuu wangu. Siku hizi inaitwa Milambo. Kwa Sheria ya Elimu ya 1969 serikali ilizichukua shule za misheni, na hii ya mapadri wa White Fathers ikiwemo. Jina la Bikira Maria likatoka, likaingia la mtemi wa Wanyamwezi. Vitabuni utakuta "Mirambo". Ulimi wa Kinyamwezi na r hawajuani, ndiyo maana kibao cha shule kina l.

Mjomba naye arekebishwe kidogo. Nyerere alisoma shule ya serikali, hii tunayoiita Tabora Boys, 1937 hadi 1942. Waingereza waliianzisha kwa ajili ya watoto wa machifu, na yeye baba yake alikuwa chifu wa Wazanaki. Akaenda Makerere, akamaliza 1945, akarudi Tabora kufundisha. Kazi hiyo ndiyo aliifanya St. Mary's, kwa kuitwa na Padri Richard Walsh, mpaka 1949 alipoondoka kwenda Edinburgh. Hebu tazama tena mwaka kwenye hicho cheti. Babu yako alikuwa shule moja na Mwalimu kabla Mwalimu hajawa Mwalimu wa nchi.

dada_wa_uhazili
Shikamoo mzee. Umesahau na sisi! Watu wakitaja shule za Tabora ni Boys, Boys, Boys. Chuo cha Uhazili, yaani cha makatibu wa ofisi, nacho kimelea ofisi za nchi hii. Tulifunikwa vidole kwa kitambaa ili tusichungulie herufi za taipureta, na hatimkato (maandishi ya mkato) ya Kiswahili tukaisoma hadi usiku. Siku hizi ni kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma, lakini mwambie bodaboda "Utumishi" uone kama hatakuuliza, "Uhazili?"

mzee_wa_stesheni
Marahaba mwanangu, sijawasahau, mke wangu ni wa huko huko. Mimi mwenyewe nililetwa na Chuo cha Reli. Na kilikaa mahali pake, maana hapa ndipo njia inapogawanyika, moja Kigoma, nyingine Mwanza. Ukisikia filimbi unajua treni inaelekea wapi bila kuuliza. Kuna na Chuo cha Nyuki, hicho hata mgeni hashangai, misitu ya miombo imetuzunguka na asali yake.

Turudi kwa mjukuu. Anzia ofisi ya Milambo, omba kwa adabu rejista za zamani. Ukikosa, ulizia Jimbo Kuu, mapadri walikuwa watu wa kuandika. Chukua nakala, cheti chenyewe kiache nyumbani.

mjukuu_wa_sanduku
Asante sana mzee. Nimemsomea shangazi, kanyamaza. Mjomba anadai "alikuwa anamaanisha hivyo hivyo".

dada_wa_uhazili
😂 Wajomba bwana.