Naomba ushauri: uzio wa kuhesabia samoni unachimbwa na maji

Wakuu, habari za kazi. Uzio wetu ni wa fito, mfano wa ule Waheiltsuk (wenyeji asilia wa huko) waliourudisha mto Koeye, Kanada, mwaka 2013: samoni (samaki wa baharini anayepanda mtoni kutaga) anaingia kizimbani, anahesabiwa, anawekewa kitambulisho cha kielektroniki, anaachiwa apande kutaga. Ni kama wando, ule mtego wa uzio wa pwani kwetu, ila wenye lango. Fito zimeachana sentimita 4. Mvua ikinyesha majani yanaziba, maji yanachimba chini, samaki wanapenya bila kuhesabiwa. Tupange mawe au matawi ya mierezi chini ya uzio?

Halafu joto. Maji yakipita nyuzi 18 za Selsiasi, kuwashikashika samaki kunaongeza vifo. Kipimajoto kiko kwenye kina cha mto penye ubaridi, hakionyeshi joto hilo; lakini wazee wanaona samaki wamejibanza kivulini, wanataka lango lifunguliwe wapite bila kushikwa. Mimi naona wako sahihi. Kipimajoto kihamishiwe wapi?