Theluji ya kwanza imeanguka, donge halishikani na watoto wamenuna. Nifanyeje?

Mama Wawili (mleta mada)
Wanajamvi, habari zenu. Mimi ni mtu wa jua, nimehamia nchi ya baridi mwaka huu. Usiku wa kuamkia leo theluji imeanguka kwa mara ya kwanza tangu tufike. Nimeamka nikadhani masikio yameziba, maana nje kimya kabisa, hata magari siyasikii.

Wanangu, wa miaka 5 na 9, walitoka mbio kabla sijamaliza kuwafunga vifungo. Robo saa haikuisha wakarudi. Mdogo analia vidole. Mkubwa amenuna kwa sababu kila akifinyanga donge linamwagika kama unga, na huyu mtoto ana mwezi mzima anaota kujenga mtu wa theluji. Kipimajoto kinasoma nyuzi 9 chini ya sifuri.

Je, hii theluji ina kasoro? Niwavalishe nini? Na msinicheke: nina miaka 38, nimesimama mlangoni kama mlinzi, natamani kuingia nicheze nao lakini naona haya.

Kipanga
Dada, theluji yako nzima, ila ni kavu. Donge hushikana kwa maji. Baridi ikilegea hadi karibu na sifuri, chembe zinapata utando mwembamba wa maji, ukizibana zinagandana. Kwenye nyuzi 9 chini ya sifuri utando huo hakuna, ni kama kufinyanga mchanga mkavu.

Mimi kabla ya kuahidi watoto chochote nachota konzi moja, naibana, nafungua mkono. Alama za vidole zikibaki, tunajenga. Ikimwagika, tunafanya jambo jingine. Leo walaze chali wapunge mikono na miguu, waache umbo la malaika. Kazi iko kwenye kuinuka: mshike mikono yote miwili umvute wima kwa mkupuo mmoja, la sivyo atachimba shimo la kiwiko katikati ya bawa na mtaanza upya.

Bibi Sufu
Mwanangu, hukusema walivaa nini, lakini nabashiri: glavu za pamba na soksi za pamba. Pamba ikilowa inashika maji na joto lote linaondoka nayo. Sufu hata ikiwa na unyevu bado inapasha. Nguo ya ndani inayobana kidogo, sweta juu yake, kisha koti lisilopitisha maji. Miguu ya suruali itoke nje ya buti, isichomekwe ndani, maana theluji huingia hapohapo. Mikononi tafuta zile glavu za mfuko, vidole vinne chumba kimoja na dole gumba peke yake. Vidole vikikaa pamoja vinapashana. Na usimvalishe soksi mbili kama buti linambana. Mguu uliobanwa unapoa haraka.

Akilia vidole tena, mwingize ndani, maji ya vuguvugu au umwekee kwapani mwako. Usisugue, na hasa usisugue kwa theluji kama wanavyoshauri wajuaji. Ukiona ngozi imepauka, imekuwa ngumu na ganzi haitoki, huyo ni wa daktari.

Chaki
Kuhusu kimya: theluji mpya sehemu kubwa yake ni hewa iliyonaswa kati ya chembe, na vile vijitundu vinameza sauti. Ikishindiliwa na kuganda, kelele zinarudi, kwa hiyo toka uisikilize mapema.

Halafu baridi hiyo mnayoilalamikia ni nzuri kwa kitu kingine. Tandaza kitambaa cheusi nje, kiache kipoe, kisha kinga theluji inapoanguka. Mpe mkubwa kioo cha kukuzia na umwambie abane pumzi, maana pumzi moja tu inayeyusha kila kitu. Atahesabu mikono sita kwenye chembe. Wilson Bentley, mkulima wa Vermont, Marekani, alianza kuzipiga picha chembe za theluji mwaka 1885 akafikisha zaidi ya 5,000 kabla ya kufa mwaka 1931. Mwanangu aliishia ya tatu, akapiga chafya.

Mzee Kibao
Hayo ya sayansi sawa, lakini mama kasema anaona haya na hakuna aliyemjibu. Mimi nina miaka 61 na bado nateleza mlimani kwa kibao, nikipiga kelele kuliko wajukuu. Ingia, mama! Kaa nyuma, mdogo mbele yako, miguu itangulie, kichwa kamwe. Chagua mteremko unaoishia uwanjani, si barabarani wala kwenye miti. Na yale malundo yanayosukumwa kando ya njia wasichimbe mahandaki humo, yanaporomoka na dereva hamwoni mtoto.

Vita vya madonge viwe na sheria mbili tu: usoni hapana, barafu ngumu hapana.

Mama Wawili (mleta mada)
Mrejesho, siku ya tatu. Leo kipimajoto kimegusa sifuri. Nimebana konzi, nikafungua, alama za vidole vyangu vyote hizo hapo! Mkubwa akalisukuma donge uani, likawa linazoa theluji yote na kuacha njia ya majani mabichi nyuma yake. La pili tuliliinua kwa shida. La tatu likatushinda kabisa, kwa hiyo mtu wetu ana kiwiliwili kizito pembeni na kichwa kwenye miguu.

Haya imeniisha pale mdogo aliponilenga shingoni, theluji ikateremka mgongoni hadi kiunoni. Nililia ukunga mtaa mzima ukasikia. Bibi, glavu za mfuko zimefanya kazi, saa nzima hakuna aliyelia isipokuwa mimi.

Sasa nina swali jingine. Yule mtu wa theluji amevalishwa skafu yangu ya sufu, na ndiyo pekee niliyonayo. Nimejaribu kuivua nikaambiwa atapata baridi. Nifanyeje?