Bigijii ya kafeini: naitafuna alafu naitema, sasa hiyo kafeini inaingiaje mwilini?

Fuso_la_Dagaa, Kigoma

Wakuu habari za mchana. Naomba kueleweshwa jambo, wenye uelewa wa mambo ya mwili mnisaidie maana limenikaa kichwani wiki nzima.

Mimi nabeba dagaa, napakia Kibirizi jioni nashusha Tabora alfajiri. Kipande kinachonitesa ni kuanzia Nguruka kwenda Kaliua, saa nane saa tisa za usiku, pori tupu, macho yanakuwa mazito mpaka unaona miti kama inasogea barabarani. Siku zote dawa yangu ilikuwa kahawa chungu kwenye chupa ya chai. Sasa mdogo wangu anaishi Marekani, alivyokuja kusalimia nyumbani kaniletea pakiti ya bigijii zenye kafeini, kila moja imeandikwa miligramu 100.

Nikatafuna moja baada ya kupita Nguruka. Mwanzoni chungu kweli, uchungu kama wa klorokwini ya zamani, kama dakika tano hivi uchungu umekwisha imebaki raba tu mdomoni, nikaitema. Haukupita mda kichwa kikakaa sawa, nikaona ni haraka kuliko kahawa.

Sasa mimi ile kitu sijaimeza, nimeitema. Imeingiaje mwilini? Inapita kwenye ulimi, kwenye fizi, au ni mate? Na kwanini iwahi kuliko kahawa ninayoimeza kabisa?

Jingine ni kwamba safari iliyofuata nilitafuna mbili kwa mpigo alafu nikashushia kahawa vikombe viwili. Moyo ulianza kupiga mpaka nausikia masikioni, mikono inatetemeka kwenye usukani, ikabidi nipaki Kaliua nikae nje ya gari karibu saa nzima. Na nilivyofika Tabora usingizi haukuja mpaka saa nne asubuhi. Nataka kujua nilikosea wapi.

Dada_wa_Zamu, Tabora

Mwangaluka kaka, na pole sana, umefanya la maana kupaki. Mimi ni nesi, zamu za usiku nazijua vizuri, ngoja nikueleze ninavyoelewa.

Bigijii ina sehemu mbili. Ile raba haiyeyuki kwenye mate hata ukitafuna mpaka kesho, lakini vilivyochanganywa ndani yake, sukari, ladha na hiyo kafeini, vinayeyuka. Ukitafuna unaikamua kama unavyokamua nguo. Jeshi la Marekani walizipima hizi bigijii wakakuta kama asilimia 85 ya kafeini inakuwa imeshatoka ndani ya dakika 5 za kutafuna. Kwaiyo ule uchungu uliousikia ndio kafeini yenyewe, yenyewe ni chungu kwa asili, na ulivyoisha ujue mzigo umeshashuka. Ulichotema ni gunia tupu.

Sasa ikishakuwa kwenye mate ina njia mbili. Ya kwanza ni hapo hapo mdomoni. Ngozi ya ndani ya mashavu na chini ya ulimi ni laini na chini yake kuna mishipa midogo ya damu mingi sana. Kafeini ni molekyuli ndogo, inayeyuka kwenye maji na inapita pia kwenye mafuta, na kuta za seli zetu ni mafuta, kwaiyo inapenya. Damu ya mdomoni inashuka kwa mishipa ya shingoni moja kwa moja kwenda kwenye moyo. Ndio maana mgonjwa wa moyo akibanwa na kifua anapewa kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi, hapewi cha kumeza, maana cha kumeza kingechelewa.

Kahawa lazima ishuke tumboni kwanza, na tumbo lenyewe halinyonyi sana, kazi kubwa inafanyika kwenye utumbo mwembamba. Kama Uvinza ulipiga ugali wa muhogo na migebuka, kahawa inasubiri foleni hapo juu mpaka tumbo lifungue. Ikishanyonywa damu ya utumbo inapitia kwenye ini ndio iende kwenye moyo na kwenye ubongo.

Mha_wa_Kasulu

Dada umeeleza vizuri ila hapo kwenye shavu naomba niongeze, maana watu wakisoma wataondoka wanadhani yote inapita shavuni. Mtu akitafuna mate yanajaa, na mate anayameza, hatemi. Kwaiyo sehemu ya hiyo kafeini inashuka tumboni kama kawaida, tena imeshayeyuka tayari. Mashavu na tumbo vyote vinafanya kazi kwa wakati mmoja.

Alafu ule utafiti wa jeshi, wa taasisi ya Walter Reed uliotoka 2002, walilinganisha bigijii na vidonge, sio na kahawa. Walitumia dozi za miligramu 50, 100 na 200. Kwa bigijii kiwango kwenye damu kilifika kileleni kwa wastani wa dakika 44 mpaka 80 kutegemea dozi, kwa vidonge dakika 84 mpaka 120. Tofauti kubwa, lakini kidonge lazima kwanza kipasuke na kuyeyuka tumboni, kahawa ni maji tayari. Kwaiyo bigijii na kahawa hazijaachana kama bigijii na kidonge zilivyoachana.

Na kitu ambacho watu hawakiangalii ni jumla. Jumla ya kafeini iliyoingia kwenye damu ilikuwa inakaribiana kabisa, iwe bigijii iwe kidonge. Kafeini karibu yote inaingia hata ukiimeza, ini haliiharibu sana ikipita mara ya kwanza. Bigijii inakuwahisha tu, haikuongezei. Miligramu 100 ni miligramu 100.

Alafu mkuu, kutafuna kwenyewe kunaamsha, hata bigijii ya dukani isiyo na kitu. Ile raha uliyoisikia dakika za mwanzo sio zote kafeini.

Dada_wa_Zamu, Tabora

Kweli kabisa kaka, mate nilikuwa nayafikia, umenisaidia.

Sasa narudi kwa dereva wetu. Hesabu yako ya siku ile ni hii, bigijii mbili ni 200, vikombe viwili vya kahawa nzito vinaweza kukupa karibu 200 nyingine, na zote umezipiga ndani ya nusu saa. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2015 walisema mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 200 kwa mpigo na 400 kwa siku nzima. Wewe ya siku nzima umeimaliza kabla hujafika Kaliua. Moyo lazima ulalamike.

Na kukosa usingizi ni kwamba kafeini inapungua nusu kwa kama saa tano hivi kwa mtu wa kawaida. Ukitafuna moja saa nane usiku, saa moja asubuhi nusu yake bado inazunguka, saa sita mchana bado robo ipo. Wewe ulikuwa na mara nne ya hiyo.

Kingine naomba mnielewe madereva wote mnaosoma hapa. Kafeini haiondoi uchovu. Ukiwa macho ubongo unajaza kitu kinaitwa adenosini, na chenyewe kina viti vyake kwenye ubongo, kikikaa ndio unasinzia. Kafeini inawahi vile viti. Adenosini haijaenda popote, imesimama mlangoni na inazidi kuongezeka, kafeini ikishuka zote zinaingia kwa pamoja. Nimepokea majeruhi wa barabara hiyo hiyo unayopita wewe, na mara nyingi aliyepona anasema hata hakujua kama alilala. Ni sekunde tatu nne tu.

Mkulima_Urambo

Wadau nimesoma yote nimejifunza, na mimi nina la kuchangia kwa sababu nimekulia kwenye tumbaku.

Hili la kuingia kupitia mdomoni wazee wetu wanaliishi kila siku. Anayebana ugoro kwenye mdomo wa chini hamezi, anatema, lakini unamshika. Babu yangu alikuwa anasaga majani kwenye kinu kidogo anaweka magadi, anaonja kwa ncha ya kidole, kama haujamkata anaongeza magadi. Baadae sana nikaja kuelewa magadi yalikuwa na kazi yake, yanaibadilisha nikotini iwe katika hali ya kupenya kwenye ngozi ya mdomo. Kafeini haihitaji magadi, kwa hali ya mate ya kawaida iko tayari kupenya.

Alafu mkuu wa Fuso nikuulize, unavuta sigara? Maana moshi wa sigara unalisukuma ini likate kafeini haraka zaidi, mvutaji anaimaliza mapema kuliko asiyevuta. Ni moshi ndio unafanya hivyo, sio nikotini, kwaiyo mtu wa ugoro haimhusu. Na mtu akiacha sigara, kahawa ile ile aliyoizoea inaanza kumzidi nguvu.

Fuso_la_Dagaa, Kigoma

Mkuu wa Urambo umenishtua. Niliacha sigara mwezi wa kwanza mwaka huu, nilikuwa navuta pakiti kwa siku, na ni kweli kahawa tangu hapo naiona imekuwa kali, nikawa namwambia mama wa kijiweni ameongeza dozi. Kumbe ni mimi.

Dada nashukuru sana, na Mha mwenzangu pia. Nimepanga hivi, moja tu, naitafuna nikikaribia Usinge, kahawa siku hiyo siigusi, na Kaliua napaki nalala dakika ishirini hata kama najiona mzima. Mwenye mzigo atasubiri.

Ila kuna jambo nimekumbuka wakati nasoma. Ile pakiti nyumbani huwa naiacha juu ya meza. Mke wangu ana mimba ya miezi saba, na nina watoto wawili wadogo, wenyewe wanaona ni bigijii tu.

Dada_wa_Zamu, Tabora

Kaka itoe hapo sasa hivi, usisubiri jioni. Mimba ikiwa kubwa mwili unaikata kafeini polepole sana, zile saa tano zinaweza kufika hata kumi na tano, na kafeini inavuka kwenda kwa mtoto ambaye ini lake bado halijaweza kuikata. Mama mjamzito asizidishe 200 kwa siku, na hapo unahesabu mpaka chai na soda anayokunywa. Watoto ndio kabisa, mtoto wa kilo kumi na tano akitafuna moja ni kama wewe umetafuna nne au tano, na hataitema, ataomba nyingine.

Fuso_la_Dagaa, Kigoma

Nimempigia mama watoto sasa hivi. Anasema mdogo ameshafungua moja jana akaitema sababu ya uchungu. Zilizobaki zimefungiwa kabatini, nikirudi nahamishia kwenye gari.

Dada_wa_Zamu, Tabora

Afadhali. Mwambie aihesabu pakiti.