Mjadala: mafunzo ya CNA (msaidizi wa muuguzi mwenye cheti) kwa video au darasani? Korona ilitufundisha nini?

Mleta mada
Wadau, salaam. Wengi wetu huku Marekani tunakula kwa kazi hii, naomba tuijadili kwa uzito. Machi 2020 CMS, wale wa serikali kuu wanaosimamia Medicare na Medicaid (bima za afya za serikali kwa wazee na kwa wenye kipato kidogo), waliruhusu nyumba za wazee kuajiri wasaidizi wa wauguzi wasio na cheti na kukaa nao zaidi ya ile miezi minne ya kawaida. AHCA, chama cha wenye nyumba hizo, kikatoa kozi ya bure mtandaoni, saa 8 tu. Sheria ya 1987 inadai saa 75 kwa uchache. Ruhusa ilifutwa Juni 2022, ila shule nyingi zimebaki na video na Zoom. Janga jingine likija, tuwafundishe watu kwa video au darasani?

Mdau wa Houston
Video, tena nyingi zaidi. Texas ni saa 100: 60 za nadharia, 40 za vitendo kituoni, yaani kwenye nyumba ya wazee. Na hizo 40 zinakwendaje? Mkufunzi mmoja, wanafunzi hata kumi, kitanda kimoja. Mmoja anamgeuza mgonjwa, wengine wanatazama migongo ya wenzao. Video inakuonyesha mkono kwa karibu na unairudia mpaka uelewe. Na tusidanganyane, hii ni kazi ya kuosha wazee tu, si upasuaji.

Mama Lowell
"Kuosha wazee tu." Kaka, umeniudhi na nitakujibu hapo hapo. Mzee mwenye mpira wa mkojo unamwoshaje? Unaushika mpira karibu na unapoingilia mwilini usivutike, unafuta kuanzia pale kwenda nje, kama sentimita kumi, na kila mfuto ni sehemu mpya ya kitambaa. Ukirudisha kitambaa nyuma umepeleka vijidudu kwenye kibofu. Mfuko unabaki chini ya usawa wa kibofu hata unapomgeuza. Ukiulaza kitandani mkojo unarudi. Mwanamke anafutwa mbele kwenda nyuma. UTI ya mzee wakati mwingine inajitokeza kwa kuchanganyikiwa, bila maumivu, watu wakadhani ni uzee. Na anayemwosha ndiye anayeona wekundu kisigino na mfupa wa mkia kabla ngozi haijapasuka. Bonyeza kwa kidole, uachie. Pakibaki pekundu bila kupauka, mwite muuguzi saa hiyo hiyo. Hiyo ndiyo "tu" yako.

Nesi wa Dallas
Naongezea kwa Mama. Kwa ngozi nyeusi usitegemee wekundu, hautauona. Gusa: pana joto au ubaridi, pagumu au palaini kuliko pembeni? Picha za vitabu na video nyingi ni za ngozi nyeupe, na wazee weusi wanaumia kwa sababu hiyo.

Mdau wa Houston
Sijadharau kazi, dada zangu. Lakini yote mliyoandika nimeyaelewa hapa hapa kwa kusoma, bila darasa. Sasa video ingeshindwa wapi?

Mama Lowell
Umeyaelewa, sawa. Sasa mzee mwenye dimensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, anakukunja vidole na kukupiga mateke ukiwa katikati ya kumfuta. Utafanya nini? Mwigizaji wa kwenye video analala ametulia. Wetu anaogopa, anadhani unamvamia. Unaacha, unamfunika, unarudi nyuma hatua mbili, unaongea polepole kwa jina lake, unamwachia kama robo saa ndipo unajaribu tena, labda na mwenzako. Kumlazimisha ni kosa kisheria, ana haki ya kukataa. Aliyesoma saa 8 hana pa kuchota hayo.

Mkufunzi wa labu, Minneapolis
Ngojeni, mnagombana wakati vitu havifanani. Iko mada ambayo video inaishinda labu, yaani chumba cha mazoezi. Kunawa mikono, kwa mfano: tunamwambia mwanafunzi ajirekodi na simu akisugua sekunde 20, vidole vikielekea chini, halafu afunge bomba kwa karatasi kavu. Nikisimamisha picha naona kiganja kimegusa sinki, jambo ambalo darasani lingenipita. Kuvua gauni la kinga na glovu vilevile: glovu kwanza, kisha miwani, gauni, barakoa mwisho ukiwa nje ya chumba.

Ila presha video haiwezi. Lazima nitumie stetoskopu yenye jozi mbili za vipokea sauti, moja yangu na moja ya mwanafunzi, tusikie mlio mmoja. Wengi wanasoma namba pale mshale wa kipimo unapocheza, wala si pale sauti inapoanza. Na N95, ile barakoa inayobana uso: mwanafunzi anaivaa, anafunikwa kichwa kwa mfuniko, tunapuliza dawa chungu ndani yake tuone kama anaionja. Ukiionja, barakoa inavuja mahali, hata kama kwenye kamera imekaa vizuri.

Kumhamisha mgonjwa ndiko hatari zaidi. Mkanda wa kiunoni juu ya nguo, uingize vidole viwili tu chini yake. Kiti cha magurudumu upande wenye nguvu wa mgonjwa, breki zote mbili, vikanyagio viinuliwe, viatu visivyoteleza, nyayo zote sakafuni. Video imepigwa kutoka mbele, kwa hiyo mwanafunzi anakariri kulia kuwa kushoto. Mgonjwa wa kiharusi anawekewa kiti upande uliokufa, wanaanguka wote wawili.

Mdau wa Houston
Mkufunzi, hapo umenishika. Lakini sheria si inataka saa 16 za vitendo kabla ya kumgusa mgonjwa? Basi hizo zibaki, nyingine zote video.

Mkufunzi wa labu, Minneapolis
Umechanganya, na shule nyingi zinachanganya. Kuna 16 mbili. Ya kwanza ni ya mada kabla ya kumgusa mtu yeyote: mawasiliano, kuzuia maambukizi, usalama na kumsaidia mtu aliyepaliwa, uhuru wa mkazi, yaani mzee anayeishi humo, na haki zake. Hiyo inaweza kwenda kwa video. Ya pili ni saa 16 za vitendo chini ya muuguzi, labu au kituoni. Hata mwaka 2020 CMS haikufuta sharti la mfanyakazi kuonyesha kwamba anaweza. Waliolegea ni wenye nyumba za wazee waliosahau kuliangalia.

Ndugu wa Portland
Mimi nawasemea waliotoka Kivu hapa Maine. Saa tunazodaiwa ni nyingi, na mkufunzi anaongea kwa kasi. Video unaisimamisha, unatafuta neno, unarudi. Darasani mtu anatikisa kichwa kwa aibu. Pia watu hawaambiwi kwamba mtihani wa maandishi unaweza kuombwa kwa njia ya kusikiliza maswali. Omba wakati wa kujiandikisha, siku ya mtihani umechelewa.

Nesi wa Dallas
Kweli. Na kikwazo kingine ni pesa. Watu wanalipa shule za wikendi kwa kadi ya mkopo, wanapewa kiungo cha video na siku moja ya labu. Nimesikia kituo kikikuajiri kinakurudishia nusu.

Mama Lowell
Si nusu! Nyumba ya wazee inayopokea Medicare au Medicaid haina ruhusa kukutoza chochote kwa mafunzo, mtihani wala vitabu ukiwa umeshaajiriwa au umepewa ahadi ya kazi. Ukilipa mwenyewe halafu ukaajiriwa ndani ya miezi 12, gharama inarudishwa kidogo kidogo kadiri unavyoendelea kufanya kazi. Hilo lipo kwenye kanuni za serikali kuu, na wageni hawaambiwi.

Mdau wa Houston
Mama, huku kituo kimewaambia vijana "sisi hatufundishi, katafuteni shule." Ni ujanja?

Mama Lowell
Si lazima. Nyumba ikipigwa faini kubwa au ukaguzi ukiwa mbaya sana inaweza kupoteza ruhusa ya kufundisha kwa miaka miwili. Lakini kutofundisha hakufuti deni la kurudisha. Waulizeni kwa maandishi, jibu la korido halina ushahidi.

Mleta mada
Mada imehama, ila hii nayo inatuhusu. Anayefanya ulezi wa nyumbani kwa wakala naye anarudishiwa?

Nesi wa Dallas
Kanuni hiyo inahusu nyumba za wazee. Wakala wa ulezi wa nyumbani, kila mtu asome mkataba wake kabla ya kusaini.

Ndugu wa Portland
Basi mtu atunze nyaraka gani ili arudishiwe?

Mama Lowell
Risiti yenye jina la shule na tarehe, cheti cha kumaliza, risiti ya mtihani, na barua ya ajira yenye siku ya kuanza. Peleka nakala ofisi ya wafanyakazi, wakusainie kwamba wamepokea. Wakikataa, piga simu ofisi ya jimbo inayosimamia rejista ya CNA.