Kuvusha intaneti hadi nyumba ya uani: repita, WDS, antena mbili au waya?

Mpingo_Chuno
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mtwara mjini, Chuno. Faiba imeishia sebuleni, nyumba ya mbele. Nyuma, umbali wa kama mita 60, kuna nyumba ndogo ambako wadogo zangu wanasomea na mke wangu anashonea. Oda zake nyingi zinaingia kwa simu. Katikati kuna mwembe na mkorosho mkubwa. Nyumba zote mbili ni za bati, na ile ya nyuma ina LUKU (mita ya umeme) yake. Waifai ya sebuleni ikifika kule inaonyesha mstari mmoja, halafu inapotea.

Nataka nyumba ya nyuma iwe ndani ya mtandao uleule, ili hata printa iliyo mbele waitumie wakiwa kule. Nina machaguo manne: repita (kifaa kinachopokea waifai na kuirusha tena) ya kuchomeka ukutani, ruta mbili za zamani ninazo tayari, zote TL-WR841N, nizifunge kwa WDS (njia ya kuunganisha ruta mbili bila waya), antena mbili za nje za kutazamana, mfano CPE510, au nichimbe mtaro nilaze waya. Waliokwisha kufanya, naomba mnieleze kipi kinafaa na kwa nini.

Fundi_Shangani
Mkuu, repita iondoe kwenye orodha. Zile za bei ndogo zina redio moja tu: inapokea kisha inarusha tena kwenye chaneli ileile, kila pakiti (kipande cha data) inapita hewani mara mbili, kwa hiyo kasi inashuka karibu nusu. Halafu utaiweka wapi? Ukiichomeka nyumba ya nyuma itarudufu mawimbi ambayo yameshafika yakiwa dhaifu. Mahali pake panapofaa ni katikati ya njia, na kwako katikati ni chini ya mwembe, hakuna umeme. Repita ni ya nyumba moja yenye vyumba vingi.

WDS ni habari nyingine. Katika waifai ya kawaida fremu (kifurushi cha data kinachorushwa hewani) hubeba anwani tatu, na ruta inamtambua yule tu aliyejiunga nayo moja kwa moja. Ukimwekea vifaa vingine nyuma yake, ruta kuu haivijui. WDS inabeba anwani nne, hivyo vifaa vya pande zote mbili vinaonana kama viko kwenye swichi moja, na printa yako itaonekana. Tatizo lake ni kwamba watengenezaji hawakukubaliana namna moja ya kuifanya, ndiyo maana chapa mbili tofauti mara nyingi zinagomeana. Wewe una za aina moja, umeanza vizuri. Ila geuza kila ruta uangalie toleo lililoandikwa kwenye lebo ya chini, kwa sababu WR841N imetoka kwa matoleo mengi na ndani hazifanani.

Dada_Mikindani
Naongezea hapo kwa kaka Fundi, maana WDS ninaitumia nyumbani kwa wazazi na inatusaidia sana. Tuseme ruta ya faiba ina anwani 192.168.1.1. Ruta yako ya kwanza ipe 192.168.1.2, uiunganishe na ya faiba kwa waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), siyo WAN (la kuingizia intaneti). Ya pili, ya kule nyuma, ipe 192.168.1.3 na hapo ndipo uwashe WDS. DHCP (huduma inayogawa anwani kwa vifaa) zima kwenye zote mbili, anwani zigawiwe na ruta ya faiba peke yake. Ukiacha DHCP mbili zinafanya kazi, simu moja itapata intaneti, nyingine itakosa, na utalaumu mawimbi bure. Chaneli iweke mwenyewe, 1, 6 au 11, iwe moja pande zote. Usiiache ijichagulie, kwani siku ruta ya mbele ikihama daraja linakatika. Usalama wa waifai uwe aina ya WPA2 yenye AES na neno la siri lilelile.

Na jambo moja la kuzingatia: ruta ya nyuma ikiongea na ya mbele na papo hapo ikazirushia simu, inatumia redio ileile, kwa hiyo ile nusu aliyoitaja Fundi inarudi. Kompyuta ya wanafunzi ichomeke kwa waya kwenye ruta hiyo, itaona tofauti.

Korosho_Newala
Mimi nasimama na antena mbili. WR841N imetengenezwa kukaa mezani, antena zake zinamwaga mawimbi kila upande, na mita 60 za uani zikiwa na miti ni kuitwisha kazi ya wengine. CPE510 ina antena ya 13 dBi (kipimo cha jinsi antena inavyokusanya mawimbi) inayoelekea upande mmoja, na inatumia masafa ya 5 GHz, mbali na msongamano wa waifai za majirani.

Lakini huo mkorosho ndio mtihani. Majani mabichi yanameza 5 GHz kuliko 2.4 GHz, na mvua zikianza mwishoni mwa mwaka majani yaliyolowa yanameza zaidi. Mkorosho haupukutishi majani yote ukabaki mtupu, kwa hiyo usisubiri kiangazi kikuokoe. Pia haitoshi macho yako kupenya kwenye kijitundu cha matawi. Mawimbi yanahitaji nafasi kuzunguka ule mstari: kwa mita 60, kwenye 5.8 GHz, katikati ya njia ni karibu sentimita 90 kila upande, na walau asilimia 60 ya nafasi hiyo iwe wazi. Pandisha antena kwa bomba refu juu ya miti au sogeza antena kwenye kona ya nyumba ili mstari upite pembeni. Mti usikate, mkuu, korosho ni fedha.

Kitu ambacho wengi hawakifanyi ni kupunguza nguvu ya kurusha. Hizi zimetengenezwa kwa ajili ya kilomita, na kwa mita 60 zikiwa kwenye nguvu kamili zinapigiana kelele na kasi inashuka. Punguza mpaka usome kati ya -45 na -60 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayopokelewa; ikiwa karibu na sifuri ni nguvu zaidi). Ukiona -75 ujue hazijatazamana vizuri au kuna kitu njiani.

Zipange zote mbili mezani kwanza, zikubaliane, ndipo upande ngazi. CPE510 ikitoka kwenye boksi anwani yake ni 192.168.0.254. Zikiwa mbili zina anwani moja, kwa hiyo washa moja, ibadilishe, ndipo uwashe ya pili.

Mzee_Ligula
Vijana wangu, waya haujashindwa. Waya wa mtandao unakwenda mita 100, wewe una 60. Ulaze ndani ya bomba, ununue wa shaba tupu, usichukue ule wa alumini iliyopakwa shaba. Ukimaliza, hakuna chaneli, hakuna majani, hakuna mvua.

Fundi_Shangani
Mzee shikamoo. Kwa nyumba moja nakubaliana nawe kabisa. Hapa nyumba ni mbili, kila moja na LUKU yake na ethi (waya wa ardhini) yake. Radi ikipiga karibu, ardhi ya huku na ya kule zinatofautiana volti, na waya wa shaba unakuwa njia ya kusawazisha, kupitia ruta zako. Akichimba mtaro, bora alaze faiba na vigeuzi viwili vidogo vya kuiunganisha na waya wa mtandao, kimoja kila mwisho, kwani kioo cha faiba hakipitishi umeme.

Mzee_Ligula
Marahaba mwanangu. Hilo la faiba nimelipokea, ni sahihi. Basi akiweka antena asisahau ethi kwenye bomba na kinga ya radi kwenye waya unaoshuka. Na boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu, chumvi ya bahari yetu mnaijua.

Mpingo_Chuno
Nawashukuru sana. Vipi vile vifaa vya kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme? Na mfumo wa meshi (ruta kadhaa zinazopokezana waifai)?

Dada_Mikindani
Vya nyaya za umeme, LUKU mbili, yaani nyaya zilizotengana, ndiyo kikwazo, usipoteze hela. Meshi bila waya itakutana na bati na mkorosho uleule.

Mpingo_Chuno
Basi nimeamua. Mnara wa tangi la maji upo kwenye kona, na ukisimama juu yake unaiona kona ya nyumba ya nyuma bila kupita kwenye mkorosho. Nanunua antena mbili. WR841N moja itakaa nyuma kugawa waifai ndani, DHCP imezimwa, waya kwenye LAN. La mwisho: umeme ukikatika, ile UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 ya ruta itabeba na antena?

Korosho_Newala
Ya volti 12 peke yake hapana, CPE510 inakula volti 24 kupitia kile kisanduku chake cha PoE (kinachopeleka umeme kwenye waya wa mtandao). Tafuta UPS ndogo inayotoa 24 kwenye PoE, mbili, moja kila upande, maana upande mmoja ukizimika daraja lote limezimika. Kisanduku kikae ndani ya nyumba, kisilowe. Na ukishafunga antena, zile WR841N zizime WDS kabisa. Njia mbili zikifanya kazi kwa pamoja kati ya nyumba zilezile, pakiti zinazunguka bila kituo na mtandao wote unasimama.

Mpingo_Chuno
Nimeelewa mkuu. Nikishafunga naleta hapa namba za dBm, za siku kavu na za siku ya mvua.